Uzi wa wapenda milima: kupanga safari ya miguu Norway, begi lako mgongo wako

Mwana Lushoto (mleta uzi), 12 Machi

Habari za jioni wakuu.

Kila mwaka ikifika Machi nalipata swali lile lile kwa ujumbe wa faragha: "Kaka, nakuja huko kiangazi, nataka kufika kwenye lile jiwe la kwenye picha, nianzie wapi?" Nimejibu mmoja mmoja mpaka nimechoka. Leo naweka yote hapa. Mwenye la kuongeza aongeze, mwenye la kupinga apinge kwa staha.

Naishi huku mwaka wa kumi na moja sasa. Nilitoka Morogoro kuja kusoma kwenye mji wa Ås, nikapata kazi, nikabaki. Nimezaliwa Lushoto, milima nimeikwea tangu mdogo nikiwa na kuni kichwani, na hicho ndicho kilichoniponza.

Kiangazi changu cha kwanza, mwisho wa Juni, Oslo ilikuwa nyuzi 26 na watu wanaogelea. Nikapanda treni ya Bergen nikashuka Finse, kituo kilicho juu kuliko vyote kwenye reli za Norway, mita 1,222. Barabara ya gari haifiki pale. Nilivaa jinzi, raba na sweta la pamba. Begini nina chapati nne na lita tatu za maji. Nashuka nakuta ziwa lina barafu bado, theluji imelala kila upande. Mwenye akili zake angekunywa kahawa akasubiri treni ya kurudi. Mimi nikajiambia mtoto wa Usambara hatishwi na baridi, nikaanza kupanda.

Baada ya saa moja na nusu nilikuwa natumbukia hadi magotini, raba zimejaa maji, vidole vya miguu sivisikii. Akatokea bibi mmoja, kwa kumtazama hapungui miaka 70, yuko juu ya ski, zile mbao za kutelezea thelujini, anateleza bila haraka yoyote. Akanitazama viatu, akanitazama uso, akasema maneno manne: "Ingen skam å snu." Akapita zake. Maana yake, hakuna aibu kugeuza. Nilidhani ananikejeli. Niligeuza kwa hasira, lakini niligeuza, na vidole vyangu ninavyo vyote kumi.

Baadaye ndipo nikajua bibi hakutunga. Hiyo ni kanuni ya nane kati ya kanuni tisa za mlimani, ambazo watoto wa huku wanazikariri kama sisi tulivyokariri jedwali la kuzidisha. Pasaka ya 1967 watu 18 walifia milimani, na kuanzia hapo kanuni hizo zikapigiwa mbiu nchi nzima. Kwa miaka mingi zimechapwa hata ndani ya karatasi ya Kvikk Lunsj, chokoleti wanayobeba wakienda matembezini. Kwa hiyo huku kwanza panga utageuzia wapi, ndipo upange kufika.

Sasa mambo yenyewe.

Msimu: milima ya juu inapitika kuanzia Julai hadi katikati ya Septemba. Juni nenda pwani au milima ya chini. Kuna mito inayowekewa madaraja ya kiangazi tu; Septemba yanaondolewa yasije yakabebwa na barafu. Ukija Oktoba utaliona daraja kwenye ramani, mtoni usilione.

Alama: milimani fuata herufi T nyekundu iliyopakwa kwenye mawe na kwenye marundo ya mawe. Lakini kwenye misitu ya Nordmarka, hapo juu ya Oslo, alama za kiangazi ni za bluu. Nyekundu za kule ni za njia za ski, ambazo majira ya baridi zinakatiza vinamasi vilivyoganda. Ukizifuata Julai utajua mwenyewe.

Malazi nitayaeleza kwa kirefu kesho, kwa sababu hapo ndipo pananifurahisha kuliko pengine pote.

Ugali Kwanza, 12 Machi

Mkuu, swali la kizushi. Mkishafika huko juu mnapewa nini?

Mwana Lushoto, 12 Machi

Unapewa njia ya kushuka.

Mgumu Mstaafu, 13 Machi

Wakuu mimi nimebeba mizigo Kilimanjaro miaka 14, Marangu na Machame zote nazijua gizani. Nimesoma hiyo mita 1,222 nikacheka mpaka mama watoto akaja kuniuliza kuna nini. Lango la Marangu penyewe liko juu ya mita 1,800. Mnatishana na kichuguu?

Mwana Lushoto, 13 Machi

Shikamoo mzee wangu. Nilijua atatokea mtu wa Moshi.

Ni kweli, kwa urefu hatuwafikii. Besseggen, mgongo wa mlima ulio maarufu kuliko yote kule Jotunheimen, sehemu yake ya juu ni mita 1,743, yaani chini ya lango lenu. Galdhøpiggen, mlima mrefu kuliko yote Norway, ni mita 2,469. Hauifikii hata kambi yenu ya Mandara. Hapa hakuna anayeumwa kichwa kwa kukosa hewa.

Ila mzee, ninyi mko karibu na ikweta. Huku miti inaishia kwenye mita elfu moja na ushee, kwingine chini zaidi, na juu ya hapo ni mawe, upepo na theluji ambayo haikuambiwa kuwa ni Julai. Piga hesabu: kila mita 100 unazopanda joto linapungua zaidi ya nusu nyuzi. Bondeni Aurland kukiwa na nyuzi 20, kwenye mita 1,600 unabaki na 10, na hapo upepo na mvua bado havijaanza kuchukua chao. Nimewahi kuvaa glovu Julai 28.

Halafu kuna jambo kubwa zaidi: huku hakuna wagumu, wale wabeba mizigo. Hakuna mpishi aliyetangulia kuchemsha maji, hakuna wa kukusimamishia hema. Kwa njia nyingi huhitaji hata kiongozi. Njia inayopita juu ya mto wa barafu ndiyo tofauti, kama ile ya kupanda Galdhøpiggen kutokea Juvasshytta: pale mnafungwa kamba moja na mnaongozwa. Kwingine ni wewe, ramani yako na begi lako.

Mgumu Mstaafu, 13 Machi

Marahaba. Hapo kwenye begi nimekuelewa. Basi kama kila mtu anajibebea, niwape yangu ya bure.

Kilimanjaro kikomo cha mzigo wa mgumu ni kilo 20, na hiyo ni kazi ya mtu, si matembezi. Ninyi msizidi kilo 10 au 12. Vitu vizito viwe karibu na mgongo, katikati ya mabega, visikae chini kabisa ya begi wala mfuko wa nje. Mkanda wa kiunoni ndio unaobeba. Wa mabegani unashika tu. Nimeona wazungu wana begi la dola mia tatu wameufungua mkanda wa kiunoni unaning'inia.

Viatu vipya visianzie mlimani. Vaa wiki tatu, nenda navyo sokoni, nenda navyo kanisani wakucheke. Kata kucha za miguu siku mbili kabla ya safari, maana kwenye kushuka ndiko zinakotoka. Ukisikia kimoto kisiginoni simama hapo hapo ubandike plasta. Ukisema "nitabandika tukipumzika" umeshachelewa.

Na pole pole ile tunayoimba si ya kukosa hewa peke yake. Anayekimbia saa ya kwanza ndiye tunayemsubiri saa ya sita.

Mwana Lushoto, 13 Machi

Mzee ametusaidia. Nami natimiza ahadi ya malazi.

Kuna chama kinaitwa DNT, cha watembea milimani, kilianzishwa 1868. Kina nyumba zaidi ya 500 nchi nzima. Wenyewe wanaziita hytte. Ziko za aina tatu. Ya kwanza ina wahudumu: unapikiwa chakula cha jioni, mnakaa meza moja na msiowajua, asubuhi unajitengenezea mkate wa njiani na kujaza chai kwenye chupa yako. Ya pili haina mhudumu ila ina stoo ya chakula. Ya tatu ina vitanda, jiko la kuni na masufuria, chakula unakuja nacho.

Ya pili ndiyo iliyonishangaza. Mara yangu ya kwanza tulifika watu wawili, nyumba imefungwa, hakuna mtu. Ukiwa mwanachama unaazimwa ufunguo kwa kuweka dhamana, na ufunguo huo mmoja unafungua nyumba nyingi zilizofungwa za chama kote nchini. Tukafungua. Ndani kuna kuni zimepasuliwa, kiberiti, magodoro, na stoo imejaa makopo ya nyama, tambi, supu za unga, mikate mikavu, kahawa. Ukutani orodha ya bei. Hakuna mlinzi, hakuna kufuli la stoo. Unachukua unachokula, unaandika kwenye daftari umechukua nini na umelala siku ngapi, unalipa. Basi. Nilikaa nikaitazama ile stoo, nikamkumbuka mwenye duka wetu kule Lushoto aliyekuwa na nondo mpaka dirisha la kuuzia pipi.

Lakini nyumba nayo ina madai yake. Unachota maji mtoni, unapasua kuni, unafagia, na ukiondoka unaacha kuni tayari za kumwashia moto anayekuja nyuma yako, maana huenda amelowa na vidole havishiki shoka. Kwenye daftari andika jina na unakoelekea kesho. Ukipotea, waokoaji wanaanza kwa kusoma daftari hilo.

Hakikisha una mfuko wa shuka wa kulalia ndani, unakunjwa unakuwa mdogo kama kitenge. Blanketi au duveti utalikuta. Na nyumba zenye wahudumu weka nafasi mapema, hasa wiki tatu za mwisho za Julai. Hapo nchi nzima iko likizo.

Njeri wa Ngong, 14 Machi

Sasa wakubwa, mimi niko Bergen nasoma, hela yangu ni ya kuhesabu. Hizo nyumba za wahudumu ni bei ya kuuza mbuzi. Mwambieni mwanafunzi ukweli: hema linalala bure.

Kuna sheria hapa ya mwaka 1957 inayompa kila mtu, hata mgeni, haki ya kutembea na kulala porini, hata kama ardhi ina mwenyewe. Masharti ni mepesi: hema liwe mita 150 au zaidi kutoka nyumba inayokaliwa, mahali pamoja usizidi siku mbili bila ruhusa (mbali juu milimani unaweza kukaa zaidi), shamba lililolimwa usiingie, uchafu wako uondoke nao. Moto wa kuni msituni au karibu na msitu hauruhusiwi kuanzia 15 Aprili hadi 15 Septemba, kwa hiyo jiko lako la gesi ndilo mama yako.

Maji msinunue. Mito ya juu mnakunywa hivyo hivyo, mkiangalia tu kondoo hawako juu yenu.

Na aliye Bergen aanze na Vidden kabla ya kuota mambo makubwa. Unapanda Ulriken, mita 643, kwa miguu au kwa gari la kamba, unatembea juu kwa juu mpaka Fløyen, saa tano hivi ukipiga picha, unateremkia mjini kati. Ukipanda kwa miguu nauli ni ya basi tu. Mimi nikiwa juu pale upepo ukipiga nahisi niko Ngong, isipokuwa mvua. Mvua ya Bergen mtaniambia.

Bi Tausi, 20 Machi

Assalaam alaykum nyote. Nimesoma uzi wote. Mimi ni wa Unguja, nakuja Agosti kumtembelea dada yangu Drammen, yeye ana 45 mimi 38. Viza nishaanza kuhangaikia. Hatujawahi kupanda chochote kikubwa kuliko ngazi za Ngome Kongwe. Dada anataka Trolltunga, lile jiwe la kwenye picha. Nina maswali: tutaweza? Nguo, mimi navaa hijabu na nguo ndefu. Chakula chao kina nguruwe? Na sala, nasikia jua halizami.

Mwana Lushoto, 20 Machi

Waalaykumu salaam dada yangu, karibu sana.

Nianze na picha. Trolltunga kutokea Skjeggedal ni kilomita kama 27 kwenda na kurudi, saa 8 hadi 12 za kutembea. Kwa mtu ambaye hajazoea, hapana. Kuna maegesho ya juu, Mågelitopp, yanayopunguza hadi kilomita kama 20, nafasi zake ni chache na unazilipia mapema. Hata hivyo bado ni hapana.

Preikestolen, karibu na Stavanger, mnaweza kesho. Kilomita 8 kwenda na kurudi, saa nne au tano kwa mwendo wenu, na mnafika kwenye jiwe bapa lililo mita 604 juu ya mkono wa bahari wa Lysefjord. Sehemu nyingi zimewekwa ngazi za mawe na mafundi Masherpa kutoka Nepali. Wanorway waliwaita kwa kuwa wenzetu wale wanajua kupanga mawe mlimani bila saruji. Kila ninapozikanyaga namkumbuka mzee Mgumu. Ondokeni alfajiri, mchana pale ni Kariakoo.

Nguo: hijabu haina shida, chukua ya sufu nyembamba au ya kitambaa cha michezo, shingo itakushukuru. Chini vaa suruali ya mlima yenye nafasi na juu yake koti la mvua refu la kufika magotini, yanauzwa. Dera au sketi ndefu itanasa kwenye mawe, itanyonya maji na kukupiga mwereka. Karibu na mwili iwe sufu. Pamba ikilowa inabaki baridi siku nzima, ndiyo maana lile sweta langu nililigawa.

Chakula: unapoweka nafasi andika kuwa hamli nguruwe, au ombeni cha mboga au samaki. Ukifika ndipo useme, mpishi yuko mlimani, hana duka. Kwenye stoo zisizo na mhudumu soma kopo vizuri, mengi yana nguruwe.

Sala: kusikozama jua ni kaskazini kabisa, na ni katikati ya kiangazi. Agosti huku kusini, Magharibi inaingia, ila nusu ya kwanza ya mwezi ni baada ya saa tatu usiku. Kibla ni kusini-mashariki, na dira mtakuwa nayo tu. Dada yako anayajua hayo kuliko mimi.

Na tafadhali, ratiba za huku msizisome kwa Kiswahili. Shemeji yangu alikuja, nikamwambia boti ya Besseggen ni saa 9. Kanywa chai yake taratibu, kaoga. Kumbe yeye ana saa tisa mchana kichwani, boti imeshaondoka na watu wake.

Mwana wa Uvira, 22 Machi

Jambo wote. Kiswahili changu ni cha kwetu Kongo, munisamehe. Niko Trondheim na familia tangu 2013, tulikuja kama wakimbizi kupitia kambi.

Niseme kitu kimoja. Sisi milima tuliipanda tukikimbia. Usiku, na watoto mgongoni. Mwaka wa kwanza hapa shule ikaandika barua: siku ya Ijumaa watoto wanaenda mlimani, mvua inyeshe isinyeshe. Mke wangu akakataa. Alisema mutu hapeleki mtoto mlimani kama nyumba iko. Mwalimu akamualika aende nao. Akaenda na kikapu ya chakula ya watu kumi. Wakakaa juu ya jiwe wakala machungwa, wakarudi. Akaniambia jioni, "Tulienda na tukarudi, na hakuna kitu tulikuwa tunakimbia." Sasa ni yeye ananiamusha kila Jumapili twende Bymarka, musitu wa hapa Trondheim.

Kwa wenye hawana vifaa: kuna mpango unaitwa BUA, uko katika miji mingi. Munaazima bure hema, begi, ski, viatu vya watoto. Munapeleka jina, munarudisha safi. Musinunue vitu vya bei kabla ya kujua kama mutapenda.

Bi Tausi, 22 Machi

Ndugu wa Uvira, nimekusoma mara mbili. Mwambie mkeo salaam zake zimefika Unguja.

Njeri wa Ngong, 23 Machi

Naungana na mleta uzi kuhusu Trolltunga, ijapokuwa mimi nilienda. Nilitembea saa kumi na moja, goti likanigomea wakati wa kushuka. Ile picha unayoiona, mtu mmoja amekaa peke yake na ulimwengu wote chini yake? Nyuma ya anayepiga kuna foleni. Nilisimama saa nzima na dakika kumi, jasho likanikaukia nikaanza kutetemeka. Picha ninayo. Nikiiangalia nakumbuka tu wale waliokuwa wakisema nifanye haraka.

Ugali Kwanza, 23 Machi

Kumbe nilichouliza siku ya kwanza kilikuwa na maana. Mnapewa foleni.

Mwana Lushoto, 24 Machi

😂 Haya.

Dada Tausi, nimefikiria yenu. Mna siku ngapi? Mkiwa na siku nne au tano nawashauri Finse hadi Aurland badala ya jiwe lolote. Sababu yangu ni moja: inageuzika.

Mnapanda treni hadi Finse, mnalala Finsehytta, asubuhi mtauona Hardangerjøkulen, mto mkubwa wa barafu, ng'ambo ya ziwa. Siku ya kwanza ya kutembea ni hadi Geiterygghytta, saa sita hivi, kwenu tuseme nane. Ndiyo siku ya juu kabisa, mnapita zaidi ya mita 1,600, na theluji mtaikanyaga hata Agosti. Siku ya pili mnashuka na mto kupitia Steinbergdalen hadi Østerbø. Ya tatu, Østerbø hadi Vassbygdi, ndiyo watu wengi wanayoiendea: njia imechongwa ubavuni mwa bonde, maji yanaanguka pande zote, mnaanzia juu mlimani mnamalizia kwenye majani ya kijani karibu na usawa wa bahari. Goti litalia. Kutoka hapo basi hadi Flåm, halafu ile reli ya kilomita 20 inayopanda zaidi ya mita 860 hadi Myrdal, mnaunganisha treni ya kurudi Oslo.

Sasa angalia mahali pa kugeuzia. Finse hali ikiwa mbaya, treni iko mlangoni. Geiterygghytta iko karibu na barabara namba 50, Steinbergdalen na Østerbø pia. Kwa hiyo kila usiku mnalala mahali ambapo kesho yake mnaweza kusema basi, mkashuka kwa gari. Njia ya hivyo ndiyo anayostahili kupewa mtu wa mara ya kwanza. Hardangervidda upande wa kusini ni kuzuri pia, nyanda tupu na kulungu wa baridi, wale wanaoitwa reini, ila pale ukijutia siku ya pili umejutia kilomita thelathini kila upande.

Kazi ya kufanya toka sasa: nafasi za malazi, tiketi za treni (mapema ni nafuu sana), ratiba ya basi la bonde la Aurland kwa tarehe zenu, kwa kuwa ni la msimu. Siku tatu kabla, fungua Yr, tovuti ya hali ya hewa ya taasisi yao, usome utabiri wa Finse, siyo wa Oslo. Soma upepo kwanza, mvua baadaye. Ramani ya karatasi ichukueni. Simu kwenye baridi inakufa ikiwa na asilimia arobaini. Namba za dharura 112 polisi na 113 ambulansi. Uokoaji milimani hautozwi, na watu wengi wanaokuja kuwatafuta ni wa kujitolea, ambao usiku huo walikuwa wamelala kwao.

Simba hakuna. Kupe wako chini pwani kwenye nyasi ndefu, jikagueni jioni. Kuna ng'ombe wa miski, ila yuko Dovrefjell, mbali na njia yenu. Mkimwona siku nyingine kaeni mita 200. Ni mpole kama nyati wetu alivyo mpole.

Mgumu Mstaafu, 24 Machi

Dada Tausi, kuanzia leo panda ngazi za Ngome Kongwe mara kumi kila siku, na begi lenye chupa za maji. Wakikuuliza waambie nimetumwa na mtu wa Marangu.

Bi Tausi, 2 Julai

Viza imetoka alhamdulillah. Ngazi nimefika mara ishirini na mbili. Walinzi wa Ngome wananiita Mwanajeshi.

Bi Tausi, 11 Agosti

Tuko Finse. Tumefika jana. Mvua haianguki, inakwenda kwa ubavu. Mlima hatuuoni, hata ziwa tunaliona nusu. Mhudumu ametuambia jana kuna kundi la vijana sita lilirudi kutoka juu likiwa limelowa chepechepe. Utabiri unasema upepo utaendelea mpaka kesho usiku. Dada anasema twende hivyo hivyo, pesa ya Geiterygghytta imeshalipwa. Mleta uzi upo?

Mwana Lushoto, 11 Agosti

Nipo. Pesa hiyo imeshaondoka, dada, mkienda msiende. Laleni hapo leo. Kesho pandeni treni hadi Myrdal, shukeni na reli hadi Flåm, halafu chukueni lile basi la kiangazi linalopanda bonde hadi Østerbø. Mtatembea ile siku ya tatu tu, chini ya upepo. Pigieni Geiterygghytta simu muwaambie hamji, wasije wakadhani mmepotelea juu.

Bi Tausi, 11 Agosti

Nimepiga. Mama wa huko kaniambia maneno yale manne ya bibi yako. Dada kanuna, ila sasa anacheza karata na Wajerumani na anawala.

Bi Tausi, 14 Agosti

Tumefika Vassbygdi. Tumetembea saa tisa na nusu badala ya sita. Jua limetoka tukiwa nusu ya njia, na pale bonde linapobana maji yakawa yanang'aa upande wa pili, dada akakaa kwenye jiwe akalia, hasemi kwa nini. Tumeswali Alasiri juu ya jiwe lenye T nyekundu, samahani kwa wenye njia. Tumekula chapati zetu na ile chokoleti, na kweli kanuni zimo ndani ya karatasi.

Goti la kulia limevimba. Mzee Mgumu, linakandwa kwa maji ya moto au ya baridi?

Mgumu Mstaafu, 14 Agosti

Baridi. Si mko kando ya mto? Ingiza mguu.